Nilipeleka Mgonjwa Mmoja, Nikarudi na Wawili

Kama hujawahi kuketi kwenye kiti cha nyuma cha minibasi iliyokufa, basi starehe unaisikia tu kwa watu. Kiti hicho kipo Lisungwi, humo humo katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, pale njia ya soko inapokutana na njia ya bomba la maji. Minibasi yenyewe iliuzwa kipande kipande mpaka taa zikaisha, lakini kiti kikakataa kufa. Kikabebwa mabegani, kikawekwa chini ya bati mbili, na Orpa akategesha jiko lake pembeni akaanza kuuza kahawa ya tangawizi. Tangu hapo hakuna tatizo la dunia lililopita pale likakosa ufumbuzi. Wenye kiti ni watatu. Kuna Cishahayo, Mrundi mfupi mwenye sauti ndefu, anayeitwa Avoka kwa sababu anauza avoka kwenye toroli, na pia kwa sababu kule kwao wakili naye huitwa avoka, na yeye hajakubali kushindwa kesi hata siku moja. Kuna mzee Twagiramungu, Mnyarwanda aliyekuwa akipokea wageni kwenye harusi za wakubwa. Huyo ni Protokole, na hawezi kukuomba kijiko cha sukari kabla hajausalimia ukoo wako wote. Halafu kuna Josué wa Uvira, jina la kijiwe Waifai, maana anajua kila kitu na hakuna anayeona waya unapoingilia.

Jumamosi moja akafika pia wa nne, ambaye huja na kazi yake mkononi. Huyu ni Melchior Nizigiyimana, fundi wa kuziba mipira ya baiskeli za kabaza, zile za kubeba abiria, na kwa hiyo wanamwita Kiraka. Alikaa, akavuta beseni lake la maji, akazamisha mpira uliotoboka ili aone povu linatokea wapi. Hakusalimia. Mtu asiyesalimia mbele ya Protokole ana jambo zito, na kiti kizima kikajua.

— Kiraka, akaanza Avoka. Lilongwe inasemaje?

— Lilongwe? Nilipeleka mugonjwa moja, nikarudia na bawili.

Orpa akaacha kukoroga.

Wote walimjua mgonjwa wa kwanza. Ni Akeza, binti mkubwa wa Melchior, mwenye miaka kumi, anayeanguka kifafa tangu akiwa mdogo. Dawa za zahanati ya kambi zilikuwa zimempunguzia sana kuanguka, Mungu apewe sifa, ila shuleni mambo yaligoma. Anachofundishwa asubuhi kinakuwa kimetoroka jioni, na alikuwa amerudia darasa mpaka mdogo wake akamkuta mle mle. Ndipo hospitali moja ya Lilongwe ikaita wazazi wenye watoto wa namna hiyo, ili wakaulizwe maswali ya kupima kichwa. Wakasema kila mtoto aje na ndugu yake anayemfuata, mzima, wapate kulinganisha. Melchior akamchukua Arlène, mwenye miaka minane, ambaye tangu azaliwe hajaanguka ila kwa kukimbia.

— Nilimupeleka kama debe nzima, unaona, ile unaweka karibu ya debe yenye kutoboka, akasema Melchior. Banamaliza kuuliza, banakuja kunielezea. Akeza, kushika mambo kichwani inamupiga shida, na kutuliza mawazo pia. Nikasema sawa, hiyo nilijua. Halafu mama wa pale anafungua karatasi ya pili: na huyu Arlène, baba, hata yeye hakufanya vizuri.

— Arlène yetu? akashangaa Orpa. Ule mwenye kunihesabia vikombe?

— Arlène yetu.

Akatoa mpira majini, akaukausha kwa shati lake mwenyewe, kitu ambacho Amanda mke wake amemkataza mara mia. Kisha akalisema lile lililomleta. Jumatatu, kwa minibasi ya kwanza, angempeleka Arlène kwa Nshuti, kaka yake Amanda, aliyeoa Mmalawi na kuishi Area 25, mtaa wa Lilongwe. Nshuti angewangoja Tsoka sokoni, kwenye meza yake ya dagaa. Mtoto angekaa huko, mbali na dada yake, kabla ugonjwa huo haujammaliza kabisa. Nguo zake zilikwisha kufungwa.

Kwa kweli hakuja kutafuta ushauri. Alitaka mtu mmoja tu, hata Avoka, amwambie kwamba amefanya vizuri, maana usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa ameufungua mfuko wa nguo na kuufunga tena mara tatu.

— Badokta banasema inaambukiza? akauliza Waifai.

— Banasema haiambukize. Kabisa kabisa.

— Banasema! Avoka akapiga goti lake. Na we unaona nini? Samaki moja akioza, zote zinaoza.

Mkono wa Melchior ukasimama. Orpa akamgeukia Avoka na kijiko kirefu cha kahawa.

— Batoto si samaki, weye!

— Mi nilisema methali, Mama Orpa, sikusema batoto. Kiraka, nijibu tu. Banakula sahani moja?

— Hapana. Akeza iko na sahani yake, kikombe yake, kijiko yake. Mama yangu njo alituachia hiyo sheria kule kwetu Ruyigi. Nesi alituambia tuache, ya kama ni bure, tunaumiza mutoto roho. Lakini sheria ya mama.

— Na kulala?

— Mukeka moja.

— Aaa! Njo hapo! Mate ya usiku. Mutoto analala kinywa wazi, mate inatembea. Haba na haba hujaza kibaba.

Protokole akakohoa. Kukohoa kwake ni kama kengele ya mchungaji, watu hunyamaza wenyewe.

— Kwa heshima zote, ndugu Melchior, na heshima ya mama wa batoto, na ya wale walimuzaa, na ya kilima chao...

— Protokole, kahawa inapoa, akasema Orpa.

— Bon. Nitafupisha. Akili ya nyumba ni kama chakula ya HCR, ile ya bakimbizi, inagawiwa kwa vichwa. Nyumba yako ilipewa akili ya bantu bane. Sasa mugonjwa, kichwa yake inatumika sana, anakula sehemu mbili. Mudogo wake anabakia na ya kulambalamba.

— Na ile yangu? Sehemu yangu inaenda wapi?

— Weye ulishakuwa mukubwa, hauna kazi nayo tena.

Kiti kikacheka mpaka springi zake zikalia. Melchior naye karibu acheke. Aliona haya kucheka juu ya jambo la watoto wake, lakini kuna kucheka kunakompunguzia mtu mzigo hata kama hakuomba, na hawa walikuwa jamaa zake. Wangemcheka usoni, na wangembebea mgonjwa mgongoni mpaka zahanati mvua ikinyesha. Walikwisha kufanya hivyo, Waifai mbele na Avoka nyuma akipiga kelele watu wapishe.

— Munasema vitu ya zamani, akadakia Waifai, akiinua simu yake yenye kioo kilichopasuka. Kichwa ni netiweki. Akeza akianguka, netiweki yake inakatika. Bon, inafanya nini? Inatafuta ingine ya karibu. Nani iko karibu? Arlène. Inaingia pale, inakula chaji ya mutoto wa bantu. Asubuhi Arlène anaenda masomo iko na chaji asilimia tano, unataka ajibu nini?

— Dawa yake? akauliza Avoka, kwa dharau lakini huku amesogea.

— Unaweka sufuria katikati yabo wakati ya kulala. Chuma inakata.

— Sufuria gani?

— Ya kusonga nsima. Ile nzito.

— Na nsima tutapikia wapi? akasema Melchior.

— Mchana unapikia. Usiku inafanya kazi ingine.

Protokole hakupenda mambo ya simu. Alisema kwamba wazee walikwisha kueleza yote kwa maneno machache: damu ni nzito kuliko maji. Ndugu hao ni damu moja, damu nzito, na kitu kizito kikipanda mlima huchelewa, na kichwa ni mlima. Waifai akamuuliza mbona basi damu ya Protokole mwenyewe ilifika kichwani. Akajibiwa kwamba huko Rwanda wamezoea milima.

Hapo Avoka aliona kesi inamponyoka, akasimama kabisa.

— Munajua hapa palikuwa nini zamani? Dzaleka ilikuwa gereza! Bantu balifungwa hapa, bakapiga kiapo basahau mambo yao yote. Kile kiapo kiliingia ku udongo. Tunapika ku udongo, tunalala ku udongo. Mutoto mwenye kuzaliwa hapa, kichwa yake inasahau juu ya udongo! Waifai, umebadilisha namba ya siri ya simu yako mara ngapi mwezi hii?

— Mara ine.

— Juu ya nini?

— Nilizisahau.

— Udongo! Nimemaliza, waheshimiwa.

Upande wa pili wa njia watoto walikuwa wakiruka kamba, na vumbi lao lilivuka likaingia kahawani. Waifai akawapigia kelele. Wakapunguza kidogo, wakaanza upya. Melchior hakugeuka. Alikuwa anapaka gundi, na gundi haitaki macho mengine. Ila maneno ya Avoka yalimchoma. Sasa ilikuwa kana kwamba Arlène ni mjinga tangu udongoni, na mtoto wake hakuwa mjinga.

— Yale maswali yenyewe ilikuwa ngumu, akasema. Mungekuwa nyinyi, mungeona.

— Lete!

— Lete hapa, akaunga Waifai. Miye nilisoma mpaka ya sita.

Basi Melchior akafuta mikono, akakaa wima kama yule mama wa Lilongwe, akaanza na Avoka.

— Nakutajia namba, unazirudisha kinyume. Tatu, nane, tano.

— Kinyume kivipi?

— Unaanza na ya mwisho.

— Kwanza nani aliamua namba zirudie nyuma? Namba inaendaka mbele. Ukiniuzia avoka, unahesabu kurudi nyuma?

— Jibu, Avoka.

— Nakataa swali.

— Sifuri, akasema Melchior. Protokole. Taja wanyama, wengi unavyoweza, mbio mbio.

Protokole akafumba macho. Uso wake ukawa wa mtu aliyerudi nyumbani.

— Gitare. Gihogo. Kagaju. Halafu kulikuwa ule wa mama yangu mukubwa, mwenye pembe ya kupinda hivi, na mutoto wake, na ule mweusi mwenye kidoti ya maziwa hapa ku paji...

— Mzee, hiyo yote ni ng'ombe. Ni munyama moja.

— Moja? Protokole akafumbua macho, na alikuwa ameumia kweli. Nani alimuona Gitare na Gihogo akasema ni moja?

Waifai akataja simba, chui na tembo, kisha simu yake ikalia, na alipomaliza kujibu ujumbe alikuwa hajui tena wanaongea nini. Kiti kikalia kwa kicheko. Ndipo Orpa akajifunga kitenge vizuri akasema hebu waulize na mwanamke. Melchior akampa namba tatu, akazirudisha. Akampa nne, akazirudisha huku anatabasamu. Alipofika tano wanaume wote walikuwa wamesimama wakimwekea mikono kichwani kama wanamwombea, na Orpa amefumba macho, anazitoa moja moja, kweli bila kosa, na alipotoa ya mwisho wakapiga yowe, na katika yowe hilo birika likafurika, likainama, likalala jikoni. Kahawa yote ikaenda kwenye majivu.

— Yooo! Orpa akashika kichwa. Na zilikuwa mbegu za mwisho!

— Sasa njo unaona, akasema Avoka kwa huzuni. Akili yote ilienda ku namba.

Melchior alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu Lilongwe, na kilipokwisha akajikuta palepale, na mfuko wa nguo za Arlène ukiwa umefungwa kule nyumbani. Avoka alimwona, na kwa kuwa si mtu mbaya, akataka kumpa alichokuja kukitafuta.

— Kiraka, ndugu yangu. Hukumu yangu ni hii. Jumatatu, Arlène apande gari. Mchagua jembe si mkulima.

— Hiyo methali inaingia wapi? akauliza Orpa.

— Inaingia. Protokole?

— Kwa heshima zote, aende, akasema Protokole. Area 25 kuko hewa.

— Aende, akasema Waifai. Mbali na ile netiweki.

Hivyo Melchior akapewa watatu, na yeye alitaka mmoja. Akauchukua mpira, akapaka gundi tena palepale alipokwisha kupaka.

Ndipo alipofika mwanamke wasiyemjua, mwenye kikombe cha bati mkononi. Jina lake Béatrice. Alikuwa ameingia kambini wiki hiyo kwa njia ya mpaka wa Karonga, na jirani alimwelekeza kwamba penye kiti cha gari kuna kahawa ya kwao.

— Mwakaribishwa kwa mikono miwili, akainuka Protokole. Wewe na uliowaacha nyumbani, na wanaokungoja. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Hatuna hata tone, mama, akasema Orpa. Imemwagika sasa hivi. Lakini kaa, upumzishe miguu.

Béatrice akakaa pembeni, kikombe kitupu magotini, akashukuru. Hakuwa na la kusema kwa watu asiowajua, kwa hiyo akafanya kama wageni wote wanavyofanya, akatazama kilichokuwa mbele yake. Mbele yake kulikuwa na watoto.

— Banaruka muzuri, akasema. Kamba yabo ni ya nini?

— Ni mipira ya baiskeli, Melchior akamjibu. Zenye kuharibika, nabapatiaka.

— Ni kitu kizuri. Akatazama tena. Na ule wa nguo ya kijani, juu ya nini ye hachezi?

Wote wakageuka.

Wa nguo ya kijani alikuwa Arlène. Alisimama hatua chache kutoka kwenye kamba, ameipa mgongo, mikono ameifunga kifuani kama mama mtu mzima. Alikuwa anamtazama Akeza, ambaye alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anabangua karanga na kula zaidi ya anazobangua. Nyuma ya Arlène watoto walipiga kelele, mmoja kaanguka, wenzake wanacheka, na mabega yake yakashtuka kwa hamu ya kutazama. Kichwa hakikugeuka.

Avoka aliinuka aone vizuri. Waifai akaitia simu mfukoni.

Melchior peke yake alikuwa na jibu, tena limemjaa kinywani. Iko ku kazi. Yeye ndiye aliyempa kazi hiyo, siku Amanda alipoanza kwenda Tsoka kuuza mboga: usitoshe macho ku dada yako, umuangalie tu. Mtoto alikuwa mdogo, akatii. Akatii nyumbani, akatii njiani, akatii darasani, ambako wanakaa dawati moja na mwalimu anaandika ubaoni huku Arlène anasoma uso wa dada yake. Akatii na mkekani. Ukimgusa Akeza usiku, anayeamka kwanza ni Arlène. Na kule Lilongwe pia. Sasa Melchior alikiona kile chumba upya. Akeza alikuwa ameachwa nje kwenye benchi, mlango umefungwa, yule mama anataja namba zake kwa upole, na Arlène, shingo imegeukia mlangoni, anauliza, Akeza iko na nani? Melchior aliona aibu siku ile. Alitaka kumfinya.

Labda hilo si jibu lote. Labda kichwa cha Arlène kina shida yake nyingine, na kazi ya kuijua ni ya wenye kazi hiyo. Lakini hili la macho lilikuwa mbele yake miaka mitatu, na ilibidi mgeni aliyekosa kahawa amwonyeshe. Aliona uchungu, na ndani ya uchungu huo akampenda yule mtoto kiasi cha kushindwa kukaa. Akaweka mpira chini, gundi bado mbichi, akavuka njia.

— Arlène, enda ucheze.

Arlène akamtazama baba yake, kisha haraka akamrudia Akeza.

— Nani atamuangalia?

— Miye.

— We haujue.

— Najua. Niko baba yake.

— Akianza kukaza macho na mukono inacheza, unafanya nini?

Kitini wote walikuwa wamekaza masikio. Melchior akajikuna.

— Nakimbia kuleta kijiko, namutia mu meno.

— Hapana, papa! Hapana kijiko!

— Nawasha kiberiti, anuse.

— Hapana!

— Kitunguu! Avoka akapiga kelele kutoka ng'ambo. Kiraka, sema kitunguu!

— Papa Avoka, nyamaza, akasema Arlène, si weye unaulizwa. Sikiliza, papa. Unatosha mawe na vitu vigumu karibu yake. Unamulaza ubavu. Unaweka kitu ya laini chini ya kichwa. Haumushike kwa nguvu. Unangojea. Ikizidi sana, unamupeleka kwa nesi. Akirudia, unamuitaka jina yake, pole pole. Sema sasa.

— Natosha mawe. Namulaza ubavu. Nangojea. Namuitaka jina.

— Umesahau kitu.

Melchior akatafuta kichwani. Aliona jasho linamtoka, mtu mzima mbele ya mtoto wa miaka minane, na watu wanatazama. Hivi ndivyo ilivyo kuulizwa, akawaza.

— Kichwa! akanong'ona Akeza kutoka kwenye ndoo, kinywa kimejaa karanga. Kitu ya laini, papa. Na jina langu, useme pole pole kweli. Wewe unapigaka kelele, unanitisha.

— Kitu ya laini chini ya kichwa, akasema Melchior. Na jina yako, pole pole.

— Rudilia yote, akasema Arlène.

Akarudia yote. Alipomaliza bila kosa, kile kiti cha minibasi kikapiga makofi, na Orpa akapiga vigelegele kama mtoto wa mtu amefaulu chuo. Lakini Arlène hakuondoka. Alikuwa na swali jingine, na alilisema akitazama vidole vya miguu yake.

— Na Jumatatu nikienda kwa mjomba? Utashinda hapa, ama utaenda ku baiskeli?

— Jumatatu hauende.

— Kabisa?

— Kabisa. Tutarudia Lilongwe siku badokta batatuita, sisi wote. Miye nitakaa na Akeza pale unaweza kutuona, we ujibu maswali yako. Na jioni ya leo munakula sahani moja. Mama yangu atanisamehe.

— Miye simugawie nyama, akasema Akeza.

— Enda, Arlène, akasema Melchior. Niko namuangalia.

Akakaa chini, vumbini, uso kwa uso na binti yake mkubwa. Akeza akampa karanga moja, akafikiri, akampa na ya pili. Nyuma yake Melchior akasikia miguu ya Arlène ikiondoka taratibu, ikisimama, ikiondoka tena. Alitamani sana kugeuka. Lakini alikuwa ametoa neno, na kumbe kazi hii ni nzito. Shingo yenyewe inakuvuta.

— Mama Orpa! akaita bila kugeuka. Ameingia?

— Anangojea kamba ije. Ameingia!

— Anaangalia huku?

— Anaangalia huku. Yoo, kamba imemupiga miguu.

Watoto wakacheka, kamba ikaanza tena kupiga chini, tap, tap, tap. Melchior akamtazama Akeza, na Akeza akamtazama, wakatafuna.

— Na sasa?

— Ameruka mara mbili, akasema Waifai. Ameangalia huko. Imemupiga tena.

— Mumuambie niko naangalia!

— Anajua, Kiraka, akasema Avoka. Muache.

Kamba ikapiga. Ikapiga, ikaendelea kupiga, na sauti za watoto zikaanza kupanda pamoja, zikihesabu, na hakuna aliyecheka. Melchior akangoja, macho yake kwa Akeza, mpaka akashindwa.

— Musikae kimya, bantu ya Mungu! Anaangalia huku?

Ni Orpa aliyemjibu, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

— Hapana, baba Akeza. Ametusahau.